Kuomba kazi Marekani ukiwa na rekodi ya jinai: jinsi ya kujiandaa na ukaguzi na kupinga makosa ya ripoti

Mwajiri wa Marekani akikwambia kazi ni yako, ila "tunasubiri majibu ya ukaguzi", vitu vitatu vinatakiwa viwe mkononi mwako tayari: rekodi yako uliyoiagiza mwenyewe, karatasi za mahakama za kila kesi uliyowahi kuwa nayo, na maelezo mafupi uliyoyaandika ukiwa umetulia. Ukisubiri barua ya kukataliwa ndipo uanze kuvitafuta, umechelewa. Waajiri wengi hutoa siku tano hivi za kazi kabla ya kufunga uamuzi, na karani wa mahakama ya kaunti anaweza kuzidisha siku hizo kwa karatasi moja tu.

Mwongozo huu ni kwa anayeomba kazi ndani ya Marekani. Sheria za shirikisho zilizotajwa hapa zinahusu majimbo yote. Za jimbo au jiji zimetajwa kwa jina lake.

Anayekukagua anatazama wapi

Mwajiri wa kawaida, wa ghala, hoteli, duka au kiwanda, hakukagui mwenyewe. Anailipa kampuni ya ukaguzi. Kampuni inachukua jina lako, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security. Namba hiyo hutumika kujua umeishi wapi na umetumia majina gani. Majalada ya mahakama kwa kawaida hayatafutwi kwa namba hiyo, hutafutwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Shikilia jambo hilo, kwani ndiko makosa mengi yanakotokea.

Baada ya hapo kampuni hupekua mahakama za kaunti ulizoishi, maana kesi nyingi za jinai Marekani husikilizwa ngazi ya kaunti. Kesi za shirikisho ziko kwenye mahakama zake na hutafutwa peke yake. Kuna pia hifadhidata za kibiashara zinazojiita za taifa zima. Ni za haraka lakini zina mapengo: kaunti nyingine hazimo, na nyingine zimo kwa taarifa zilizopitwa na wakati. Kampuni makini huitumia hifadhidata kama dokezo tu, kisha inaenda kuhakikisha mahakamani. Kampuni ya bei rahisi huinakili na kuituma ilivyo.

Ukaguzi wa alama za vidole ni kitu kingine kabisa. Huo hufanywa pale sheria inapoutaka: shule, kazi nyingi za kulea watoto na kutunza wazee au wagonjwa, viwanja vya ndege, baadhi ya kazi za benki. Alama zako hupelekwa kwenye ofisi ya rekodi ya jimbo na FBI (shirika la upelelezi la shirikisho), na huko huonekana hata kukamatwa ambako hakukufika mahakamani. Ndiyo maana mtu anaweza kupita bila tatizo kwenye ghala, akasimamishwa alipoomba kazi ya kutunza wazee. Hakuna aliyebadilisha rekodi yake, milango ni tofauti.

Madereva wana mlango wa tatu, rekodi ya uendeshaji inayotunzwa na jimbo. Kwa mwenye leseni ya malori na mabasi, kutiwa hatiani kwa kuendesha akiwa amelewa, hata kwenye gari lake binafsi, humnyima haki ya kuendesha magari hayo kwa mwaka mmoja. Mara ya pili ni maisha, ingawa jimbo laweza kumrudishia haki hiyo baada ya miaka 10 kwa masharti. Tangu 2020 matokeo mabaya ya vipimo vya dawa za kulevya na pombe huwekwa pia kwenye hifadhi ya shirikisho ambayo mwajiri lazima aiangalie kabla ya kumpa dereva gari.

Jikague kabla hujakaguliwa

Anza na FBI. Ada ni dola 18, na asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe. Ombi hufanywa kwenye tovuti ya FBI. Alama za vidole unaweza kuchukuliwa kwenye baadhi ya ofisi za posta zinazotoa huduma hiyo, au kuzituma kwenye kadi ya karatasi. Kisha omba rekodi kutoka ofisi ya jimbo ulilokuwa na kesi. Ada na fomu hutofautiana, na mara nyingi ofisi hiyo iko chini ya polisi wa jimbo au idara ya sheria.

Hatua ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Nenda kwa karani wa kila mahakama uliyowahi kufikishwa ukaombe nakala iliyothibitishwa ya matokeo ya mwisho ya kesi, yenye muhuri wa mahakama. Ukiwa na namba ya kesi, kazi ni ya dakika chache. Ukiwa huna, toa jina kama lilivyoandikwa siku ile pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Chukua nakala mbili au tatu. Omba pia hati ya mashtaka ya kwanza, uthibitisho kwamba faini imelipwa, na barua kwamba kipindi cha uangalizi (probation) kimekwisha. Faini ndogo iliyosahaulika inaweza kuiacha kesi ikisomeka kuwa haijafungwa kwa miaka mingi.

Sasa ziweke karatasi zote mezani ulinganishe. Makosa yanayojirudia ni haya.

Kukamatwa kusiko na mwisho. Polisi walituma alama zako FBI siku ya kukamatwa, lakini kesi ilipofutwa mahakama au ofisi ya mwendesha mashtaka haikupeleka matokeo. Anayesoma anadhani kesi inaendelea. Peleka nakala yenye muhuri kwenye ofisi ya rekodi ya jimbo, kwa sababu huko ndiko FBI hupata taarifa nyingi, na uitumie FBI pia.

Mtu mwingine mwenye jina lako. Hili linawapata sana watu wetu. Hassan Juma, Fatuma Ali, Joseph John: majina haya yamejaa. Ongeza kwamba wakimbizi wengi waliandikiwa 1 Januari kama tarehe ya kuzaliwa kwa sababu hawakuwa na cheti. Watu wawili wenye majina mawili yanayofanana na tarehe ileile ya 1 Januari ya mwaka mmoja wanaweza kugeuzwa mtu mmoja na kompyuta. Ongeza tena jina la babu linalokuwa la ukoo kwenye hati moja na la baba kwenye nyingine. Dawa yake ni kuandika majina yako yote matatu, kwa mpangilio uleule wa kitambulisho, kwenye kila fomu ya kazi, na kutaja majina mengine uliyowahi kutumia pale fomu inapouliza. Jina la katikati ndilo mara nyingi linalokutenganisha na mwenzako.

Tukio moja kuonekana kama matatu. Ulikamatwa mara moja ukasomewa mashtaka matatu, mawili yakafutwa, ukakiri moja lililopunguzwa. Kwenye ripoti huja mistari mitatu, na msomaji wa haraka anahesabu makosa matatu. Tazama mstari mmoja kwa karibu: kuna namba ya kesi, tarehe ya kufunguliwa, shtaka, daraja lake (kosa dogo, misdemeanor, au kosa kubwa, felony), matokeo, tarehe ya matokeo, na adhabu. Namba ya kesi ikiwa moja kwenye mistari yote, hiyo ni kesi moja, na una haki ya kumwonyesha mwajiri hivyo. Angalia daraja kwa makini zaidi kuliko kitu kingine. Shtaka lililoanza kama kosa kubwa likaishia kosa dogo mara nyingine huripotiwa kwa daraja lake la mwanzo, na kosa hilo moja la uandishi linatosha kukunyima kazi.

Kujibu fomu bila kusema uongo na bila kujimwaga

Kukamatwa, kushtakiwa na kutiwa hatiani ni mambo matatu. Fomu ikiuliza kama umewahi kutiwa hatiani, na wewe ulikamatwa tu kisha kesi ikafutwa, jibu ni hapana. Ikiuliza makosa makubwa ya miaka saba iliyopita, kosa dogo la mwaka jana halihusiki. Jibu kilichoulizwa, basi.

Lakini kilichoulizwa kikiwa kipo, kikubali. Uongo kwenye fomu ni sababu tosha ya kufukuzwa, hata kama kosa lenyewe lisingekuzuia kupata kazi, na hata ukigundulika miaka mitatu baadaye ukiwa msimamizi.

Eneo gumu ni pale ulipokiri, hakimu akaahirisha hukumu, na baada ya uangalizi kesi ikafutwa. Baadhi ya majimbo hayahesabu hilo kuwa kutiwa hatiani, mengine yanahesabu. Usikisie. Peleka karatasi kwenye ofisi ya msaada wa kisheria wa bure uulize swali moja: "Kwa sheria ya jimbo hili, fomu ikiniuliza kama nimetiwa hatiani, nijibu nini?" Andika jibu na jina la aliyekujibu.

Maeneo mengi sasa yanakataza swali hili kuulizwa mapema. Hawaii ilikuwa jimbo la kwanza, 1998. Minnesota imekataza waajiri binafsi kuuliza kwenye fomu ya kwanza tangu 2014. California, tangu 2018, mwajiri mwenye wafanyakazi 5 au zaidi haruhusiwi kuuliza mpaka awe amekupa ofa yenye masharti. Jiji la New York lina sheria ya namna hiyo tangu 2015. Kwa kazi za serikali ya shirikisho na za wakandarasi wake, sheria kama hiyo ilianza kutumika Desemba 2021. Kila sheria ina kazi ilizoziacha nje, hasa zile ambazo sheria nyingine inalazimisha ukaguzi. Ukiulizwa mapema mahali palipokatazwa, usijibu kwa uongo kwa kuwa swali ni haramu. Piga picha ya fomu, hifadhi tarehe.

Ripoti inaweza kurudi nyuma kiasi gani

Sheria ya shirikisho ya 1970 iitwayo FCRA ndiyo inayozibana kampuni za ukaguzi. Kukamatwa kusikoishia hatiani hakuripotiwi baada ya miaka saba. Kutiwa hatiani hakuna ukomo kwa sheria hiyo. Kesi ya miaka 20 inaweza kutokea. Kikomo cha miaka saba hakitumiki kwa kazi ya mshahara wa dola 75,000 kwa mwaka au zaidi. Majimbo kadhaa yameweka masharti makali zaidi: California, kwa kawaida kampuni hairipoti hata kutiwa hatiani kulikopita miaka saba. Wanaosema "baada ya miaka saba rekodi inafutika" wanachanganya mambo. Rekodi iko palepale mahakamani, kilichozuiwa ni kampuni kuiripoti.

FCRA inamtaka pia mwajiri akupe taarifa ya maandishi, kwenye karatasi isiyochanganywa na mambo mengine, kwamba atakukagua, na apate kibali chako cha maandishi. Soma unachosaini na ubaki na nakala. Mara nyingi jina la kampuni ya ukaguzi liko hapo, nawe utalihitaji.

Maelezo yako: aya moja, nusu ukurasa

Mwaka 2012 Tume ya Fursa Sawa za Ajira, EEOC, ilitoa mwongozo unaowataka waajiri wapime mambo matatu kabla ya kumkataa mtu kwa rekodi: uzito na aina ya kosa, muda uliopita tangu kosa au kumaliza adhabu, na aina ya kazi anayoiomba. Mambo hayo yalitoka kwenye kesi ya Green dhidi ya reli ya Missouri Pacific, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa 1975. Andika ukiyafuata hayohayo matatu, ukianza na ukweli mkavu. Hili ni umbo la kufuata:

"Mwezi Machi 2016, kaunti fulani, nilikiri kosa dogo la wizi wa dukani. Nililipa faini na kumaliza uangalizi wa miezi 12 mwezi Aprili 2017. Nakala ya mahakama nimeambatanisha. Sijawa na kesi nyingine tangu hapo. Tangu 2018 nimefanya kazi ghalani nikishika bidhaa na funguo, na barua ya msimamizi wangu iko hapa. Kazi ninayoiomba ni ya kuendesha foklifti, nami nina cheti chake."

Sentensi sita. Hakuna lawama kwa polisi, kwa rafiki aliyekuponza, wala kwa mke au mume. Hata kama lawama ni za kweli, anayeajiri huzisoma kama mtu asiyekubali kosa lake. Usieleze tukio lenyewe kwa urefu. Kinachomsaidia msomaji ni tarehe, karatasi na mtu wa tatu anayekujua kazini. Barua ya mchungaji au imamu si mbaya, lakini ya msimamizi aliyekuona ukifika saa kumi na moja alfajiri mwaka mzima ina uzito zaidi.

Barua ya kwanza ikifika

Mwajiri anayetaka kukukataa kwa sababu ya ripoti hawezi kukukataa moja kwa moja. Lazima kwanza akutumie nakala ya ripoti na muhtasari wa haki zako, asubiri muda wa kutosha, ndipo aamue. Sheria ya shirikisho haitaji idadi ya siku. Siku tano za kazi zimezoeleka. California sheria inataka angalau siku tano za kazi za kujibu, na tano za nyongeza ukieleza kwamba unapinga usahihi wa ripoti na unatafuta ushahidi. Barua hii mara nyingi huja kwa baruapepe, na mara nyingi huishia kwenye folda ya barua taka. Baada ya kusaini kibali, fungua folda hiyo kila siku.

Siku hiyohiyo fanya mambo mawili sambamba.

La kwanza, mwandikie mwajiri: unapinga mstari gani, kwa nini, na unaomba nafasi ishikiliwe. Ambatanisha nakala yenye muhuri. Ukipiga simu, malizia kwa baruapepe inayorudia mliyozungumza.

La pili, andikia kampuni ya ukaguzi kupinga rasmi. Taja namba ya ripoti, namba ya kesi, kilichoandikwa na kinachopaswa kuandikwa. "Ripoti yenu ina makosa" haitoshi. Andika: "Mstari wa pili unasema kosa kubwa, kutiwa hatiani, hati ya mahakama iliyoambatanishwa inasema kosa dogo." Ikiwa ni mtu mwingine, tuma nakala ya kitambulisho na uoneshe tofauti: jina la katikati, anwani, mwaka. Kampuni ina siku 30 za kuchunguza, na inaweza kuongezewa 15 ukituma taarifa mpya katikati. Kwa hiyo tuma kila kitu mara moja. Isipoweza kuthibitisha, lazima iondoe.

Hapa ndipo watu hukwama. Siku tano za mwajiri haziwezi kusubiri siku 30 za kampuni, na sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kusubiri mpaka uchunguzi uishe. Ndiyo sababu ushahidi unatumwa kote kuwili, na ndiyo sababu nakala za mahakama zilitakiwa ziwepo kabla. Uchunguzi ukiisha kwa faida yako, iombe kampuni iwaarifu wote waliopata ripoti hiyo kwa ajili ya ajira ndani ya miaka miwili iliyopita.

Ripoti ikiwa sahihi, bado una cha kutuma: yale maelezo ya nusu ukurasa na viambatanisho vyake. Mwajiri akiamua kukukataa, barua ya pili lazima itaje kampuni ya ukaguzi na haki yako ya kupata nakala bure ukiomba ndani ya siku 60.

Kwenye kazi za afya zenye leseni au kibali cha jimbo, anayekataa mara nyingi ni idara ya jimbo, si mwajiri. Njia huko ni ombi la kufikiriwa upya, na tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye barua yao. Tarehe hiyo ikipita, kwa kawaida nafasi ya kuomba inapotea.

Kufunga au kufuta rekodi

Pennsylvania ilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya kufunga baadhi ya rekodi, yaani kuzificha zisionekane na waajiri wengi, bila mtu kuomba, 2018. Utah na Michigan zikafuata. Sheria ya New York ilianza Novemba 2024: rekodi hufungwa ikipita miaka mitatu kwa kosa dogo na minane kwa kubwa, baadhi ya makosa yakiachwa nje, na mahakama zimepewa hadi miaka mitatu kukamilisha kazi. Kwingine unaomba mwenyewe kwa hakimu. Amri ikitoka, itume pia kwa kampuni za ukaguzi zilizowahi kukuripoti, kwani hifadhidata zao zinaweza kubaki na nakala ya zamani.

Kama wewe si raia, simama hapa kabla ya kuwasilisha ombi lolote. Kwa sheria ya uhamiaji, kesi iliyofutwa au kufungwa na jimbo kwa sababu ya kurekebika tabia bado huhesabiwa kuwa kutiwa hatiani. Fomu za uhamiaji huuliza hata kukamatwa tu, na jibu linatakiwa liwe la kweli hata kama fomu ya kazi inakuruhusu kusema hapana. Idara ya uhamiaji itataka pia nakala za mahakama, na jalada likishafungwa au kuharibiwa, kuzipata kunakuwa kazi ngumu. Chukua nakala zenye muhuri kwanza, zungumza na wakili wa uhamiaji, kisha ndipo uombe.

Mwajiri anayesita

Mpango wa Federal Bonding, ulioanza 1966, humpa mwajiri dhamana ya bure dhidi ya wizi au udanganyifu wa mfanyakazi mwenye rekodi: kawaida dola 5,000 kwa miezi sita ya kwanza. Omba barua yake kwenye ofisi ya ajira ya serikali iliyo karibu, ile ya American Job Center, uiweke pamoja na maelezo yako. Waajiri wadogo wengi hawajawahi kuusikia.

Ukikiukwa

Mwajiri asiyekupa nakala ya ripoti kabla ya kukukataa amevunja FCRA. Kampuni inayoripoti kesi ya mtu mwingine kwa uzembe nayo hushtakiwa. Muda wa kufungua kesi ni miaka miwili tangu ugundue, na hauzidi mitano tangu ukiukwaji wenyewe. Ukiukwaji wa makusudi hulipiwa dola 100 hadi 1,000 hata bila kuthibitisha hasara, pamoja na gharama za wakili, na ndiyo maana mawakili wa eneo hili mara nyingi huchukua kesi bila malipo ya awali. Lalamiko la ubaguzi wa rangi au asili ya taifa hupelekwa EEOC ndani ya siku 180, au 300 palipo na chombo cha jimbo au jiji cha aina hiyo. Hesabu huanzia siku ulipoarifiwa kukataliwa, kwa hiyo hifadhi baruapepe bila kuifuta, na barua ya posta ihifadhi pamoja na bahasha yake yenye muhuri wa tarehe.